Uso wa Mtu Sokoni

Vitu vyote viletwavyo sokoni vina bei, isipokuwa kimoja. Nyanya zina bei, kuku ana bei, leso ina bei, hata kamba ya kufungia mzigo ina bei. Kisichokuwa na bei ni uso wa mwenye kuuza. Huja nao kwa sababu hawezi kuuacha nyumbani. Lakini hakuuleta ili uuzwe, wala hakuuleta ili utwaliwe. Pamoja na hayo, katika masoko ya dunia nzima, kila siku, watu hufika na kamera, huzielekeza kwenye nyuso hizo, kisha huondoka na picha, na wenye nyuso hawakuulizwa neno. Je, afanyaye hivyo amekosa, au ametumia tu haki ya mpita njia yeyote? Swali hili laonekana dogo. Nataka kuonyesha kwamba si dogo, na kwamba ndani yake limo swali kubwa zaidi: yatupasa tuwatazameje binadamu wenzetu?

Kwanza tulitazame soko lenyewe. Soko ni mojawapo ya mahali pa kale ambapo binadamu walijifunza kukaa pamoja bila ya kujuana. Nyumbani mtu huishi na jamaa zake. Sokoni hukutana na asiyemjua, na badala ya kugombana naye hupatana naye bei. Lugha yetu imepapa mahali hapo majina zaidi ya moja. Twasema soko, neno tulilolipokea kwa Waarabu. Twasema gulio, pale watu wanapokusanyika kwa siku maalumu. Na watu wa Mombasa husema marikiti, neno la Kiingereza lililokwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili. Azuruye Kongowea mjini Mombasa, au Gikomba jijini Nairobi, au Karatina chini ya Mlima Kenya, huona mambo yaliyo ndugu wa yale ambayo angeyaona Marrakech au Paris ya zamani: rangi zilizopangana bila ya mchoraji, sauti zinazoshindana, mama anayepanga nyanya mafungu mafungu, kijana wa mkokoteni anayeomba njia, gorogoro ya maharagwe iliyojazwa hata ikafanya kilima. Mahali pengine maisha hujificha nyuma ya kuta. Sokoni hujitandaza juani. Si ajabu, basi, kwamba mpiga picha hupapenda.

Naye amepapenda tangu kuzaliwa kwa kazi yake. Mnamo 1838 Mfaransa Louis Daguerre aliweka chombo chake dirishani, akakielekeza kwenye barabara ya Paris iitwayo Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini chombo kilihitaji dakika kadhaa ili kupokea mwanga wa kutosha, na kila kilichosogea hakikuacha alama. Picha ilipokamilika, barabara ilionekana tupu kama mji uliohamwa. Mtu mmoja tu alionekana wazi pembeni, amesimama, mguu mmoja ameuinua, anang'arishiwa viatu. Kwa kuwa alitulia, alibaki. Yule aliyekuwa akimng'arishia, ambaye mikono yake haikutulia kwa sababu ya kazi, anaonekana kama kivuli. Mwenye viatu hutajwa mara nyingi kuwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha; naye alikwenda zake, viatu vikimetameta, bila ya kujua kwamba amebaki nyuma. Hivyo tangu mwanzo picha ya barabarani ilifanya mambo mawili kwa mara moja: ilihifadhi kile ambacho kingepotea, na ilimhifadhi mtu pasipo habari yake.

Lakini kwa muda wa miaka mingi uzito wa chombo chenyewe uliwalazimisha wapiga picha kuwa na adabu. Mnamo 1877 Mskoti John Thomson, pamoja na mwandishi Adolphe Smith, walianza kutoa kwa sehemu za kila mwezi kitabu juu ya maisha ya barabara za London. Ndani yake wamo wanawake wauza maua wa Covent Garden, wachuuzi wa samaki wa bei nafuu, mafundi na maskini wengine. Kamera ya siku zile ilisimamishwa juu ya miguu mitatu, na kila picha ilihitaji kioo kilichotiwa dawa papo hapo. Kwa kamera kama hiyo mtu hawezi kuiba. Ilimpasa Thomson asimame mbele za watu, aeleze haja yake, angoje. Na yule aliyepigwa picha ilimpasa akubali kutulia. Smith naye aliandika habari za maisha yao, ili msomaji asiishie kwenye matambara bali afike kwenye mtu. Sisemi kwamba mwenye kamera na muuza maua walikuwa sawa kwa mali au kwa uwezo. Nasema tu kwamba hapakuwa na picha bila ya makubaliano, kwa sababu kamera haikujua njia nyingine.

Baadaye kamera ilijifunza njia nyingine. Mnamo 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera ndogo ya Kodak, iliyoweza kushikwa mkononi, na tangu hapo chombo kikazidi kuwa chepesi na chepesi zaidi. Mnamo 1916, katika jiji la New York, Paul Strand aliifunga kamera yake lenzi ya bandia ubavuni, ili watu wadhani anaelekeza kwingine. Alitaka kuwapata watu jinsi walivyo, kabla hawajajua kwamba wanatazamwa. Katika picha zile mashuhuri kupita zote ni ile ya mwanamke kipofu. Ameegemea ukuta, shingoni amening'iniza kibao kilichoandikwa neno moja, kwamba yeye ni kipofu, na juu ya kibao ipo beji ya leseni yake ya uchuuzi, yenye nambari. Picha hiyo ilichapishwa mwaka 1917, ikasifiwa, na hata leo huhesabiwa miongoni mwa picha kubwa za karne ya 20. Tunaijua nambari ya leseni ya mama huyo. Jina lake halikuandikwa chini ya picha.

Nakuomba msomaji usimame kidogo mbele ya jambo hilo. Lenzi ya bandia ilikuwa ni hila ya kuwadanganya wenye macho. Huyu hakuwa na macho. Kama yupo mtu duniani ambaye ilipasa aambiwe kwa sauti kwamba picha yake inapigwa, ni huyu. Wala picha si mbaya; ni nzuri, na yatufundisha mengi juu ya umaskini katika jiji la kitajiri. Hapo ndipo ugumu wa swali letu ulipo. Kama picha zilizoibwa zingekuwa mbaya zote, tungezitupa na insha hii ingekwisha. Shida ni kwamba baadhi yake ni nzuri sana, na uzuri wake hutunyamazisha.

Haki yataka tumsikilize mpiga picha kabla ya kumhukumu, naye ana hoja tatu zenye nguvu.

Hoja ya kwanza ni kwamba soko ni mahali pa wote. Aliyekwenda sokoni amekubali kuonekana, na wahenga wamesema macho hayana pazia. Ikiwa naweza kumtazama mama anayeuza ndizi, na hakuna anayenikataza, nimekosa nini nikimtazama kwa kupitia kioo?

Hoja ya pili ni kwamba soko hupita, na picha hubaki. Huko Paris palikuwako soko kuu liitwalo Les Halles, lililokuwa mahali pale tangu karne ya 12, na ambalo Emile Zola alilifanyia riwaya mwaka 1873 akaliita tumbo la Paris. Mnamo 1969 wauzaji walihamishiwa Rungis, nje ya jiji, na kuanzia mwaka 1971 mabanda yake makubwa ya chuma yalibomolewa. Robert Doisneau alikuwa amelipiga picha soko hilo kwa miaka mingi: wachukuzi wenye migongo mipana, wauza nyama, watu wanaokunywa supu alfajiri. Leo mtu akitaka kuyajua maisha yale, hana budi kuziendea picha. Lau kama wapiga picha wote wangeona haya, wajukuu wangerithi nini?

Hoja ya tatu ni ya ukweli. Mtu aliyeulizwa hujitengeneza. Huweka sawa kilemba, huacha kazi aliyokuwa akiifanya, husimama wima kama mlingoti, na soko lote hugeuka kuwa studio. Asiyeulizwa huonekana kama alivyo. Basi, asema mpiga picha, mkinilazimisha kuuliza mtanifanya mwongo.

Hoja hizi si za kudharauliwa. Walakini naona kila moja ina mahali inapovuja.

Kweli macho hayana pazia. Lakini kamera inalo. Pazia la kamera hufunguka na kufungika kwa amri ya mwenye kamera peke yake, na tofauti kati ya macho na kamera imo humo. Anayenitazama sokoni nami naweza kumtazama, tuko sawa. Akinikodolea macho nitamwuliza ana haja gani, naye atainamisha uso kwa aibu. Tena atanisahau kabla hajafika kituo cha basi. Kamera haioni aibu wala haisahau. Humchukua mtu kutoka mahali anapojulikana na kumpeleka mahali asipojulikana, na huko watu watamtazama kadiri wapendavyo, naye hawezi kuwarudishia macho. Mama aliyekwenda Kongowea amekubali kuonekana na watu wa Kongowea leo asubuhi. Hakukubali kuonekana na dunia nzima hata milele. Ruhusa ya kutazama si ruhusa ya kuweka, kama vile ruhusa ya kuonja embe si ruhusa ya kulibeba tenga.

Juu ya kuhifadhi, nakubali kwamba ni deni tunalowiwa na wajukuu. Lakini deni halilipwi kwa mali ya mtu mwingine bila ya kumwuliza. Na zaidi ya hayo, tuulize ni nini hasa kilichohifadhiwa. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kadi nyingi za posta zilitengenezwa kwa picha zilizopigwa Unguja na Mombasa. Humo tunaona wauza maji, wauza matunda, wachukuzi na wanawake waliovaa leso. Nafurahi kwamba zipo, maana zatuonyesha mavazi, vyombo na majengo ya babu zetu. Lakini soma maneno yaliyoandikwa chini. Jengo lina jina lake, na barabara ina jina lake. Mtu ameandikwa kabila tu, au kazi yake, au neno mwenyeji. Wazungu walionunua kadi zile na kuzipeleka kwao walijua jina la jumba la Sultani, lakini hawakujua jina la mtu hata mmoja aliyesimama mbele yake. Hivyo kilichohifadhiwa ni kilemba na kikapu. Aliyevaa kilemba na kubeba kikapu alipotea mbele ya macho yao. Kuhifadhi kwa namna hiyo ni nusu ya kuhifadhi.

Na juu ya ukweli, sikubali kwamba mtu aliyejitengeneza ni mwongo. Wahenga wasema uso umeumbwa na haya. Mzee anayeweka sawa kofia yake kabla ya kupigwa picha anasema jambo la kweli: anasema jinsi apendavyo kukumbukwa. Huenda ukweli huo ni mkubwa kuliko ule wa kumvizia akipiga miayo. Tena ugumu wa mwili alioulizwa hupita. Anayekaa sokoni saa nzima, akanunua kitu, akazungumza, akasaidia kuinua gunia, ataona watu wamemzoea na wamerudia kazi zao. Hapo atapata picha za kweli kwa ruhusa. Kinachokosekana mara nyingi si ukweli bali subira. Mpiga picha hutaka kufika saa nne na kuondoka saa nne na robo.

Sasa nafikia hoja ambayo kwangu mimi ndiyo mwamuzi. Soko lina sheria moja iliyo mama wa sheria zake zote: hakitoki kitu mkononi mwa mtu ila kwa mapatano. Maskini kabisa, mwenye mafungu matatu ya mchicha juu ya gunia, ana uwezo huo uliosawa na wa tajiri mwenye duka: aweza kusema hapana. Ukimtajia bei ndogo atatikisa kichwa, nawe utaongeza au utakwenda zako. Katika uwezo huo ndimo heshima yake ilimo. Sasa mwingia soko mwenye kamera, kati ya mamia ya watu walio mle, ndiye peke yake achukuaye bila ya mapatano. Amekuja kusifu soko, na sheria ya soko ameivunja mlangoni.

Mtu aweza kujibu haraka: basi na alipe! Lakini fedha peke yake haitatui neno hili. Mjini Marrakech, nchini Morocco, upo uwanja uitwao Jemaa el-Fnaa, ambako tangu zamani watu hukusanyika kwa biashara, muziki na ngano. Mwandishi wa Kihispania Juan Goytisolo, aliyeishi mjini humo hadi alipofariki mwaka 2017, aliupigania sana uwanja huo usiharibiwe. Na mwaka 2001 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu usioshikika kwa mikono. Humo wamo wauza maji wenye nguo nyekundu, kofia pana na vikombe vya shaba vinavyolia. Zamani waliwanywesha wenye kiu. Leo mifereji imeenea, na wengi wao hupata riziki kwa kupigwa picha kuliko kwa kuuza maji. Mgeni akiinua kamera, mkono hunyooshwa kudai fedha.

Wageni wengine hukasirika, wakasema watu hawa wameharibika. Mimi siwaoni kuwa wameharibika. Wameiweka picha chini ya sheria ya soko, na hilo ni haki yao. Aliyewalipa hakuwaibia. Hata hivyo jambo fulani limepungua. Mtu aliyekuwa akiuza maji sasa anauza mfano wa mwuza maji. Kazi imegeuka vazi. Fedha imeondoa wizi, lakini haikuleta kujuana. Mlipaji huondoka akiwa hamjui aliyemlipa, na mlipwaji hana haja ya kumkumbuka. Kulipa, basi, ni bora kuliko kuiba, ila si mwisho wa wema. Mapatano ya soko hayakuwa fedha tu. Yalikuwa na salamu ndani yake, na mzaha, na habari ya nyumbani, na nyongeza juu ya kipimo.

Pahali ambapo hapana mapatano wala neno la pamoja, hofu huingia. Todos Santos Cuchumatán ni mji mdogo wa milimani nchini Guatemala, wenye soko la siku ya Jumamosi linalowavutia watalii kwa sababu ya mavazi ya wenyeji. Mnamo Aprili 2000 ulienea uvumi huko kwamba wageni waovu wanakuja kuiba watoto. Kundi la watalii wa Kijapani lilifika siku ya soko. Watu wakaogopa, hofu ikageuka ghasia, na mtalii mmoja pamoja na dereva wa basi lao, raia wa Guatemala, waliuawa. Mauaji hayo hayana udhuru, na wageni wale hawakuwa wezi wa mtoto yeyote. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja tu: yule mwenye kamera huona mchezo pale ambapo mwenye mtoto huweza kuona hatari, na kati yao wawili hakuna awezaye kuusoma moyo wa mwenziwe. Neno moja la salamu pengine halingewaokoa siku ile. Lakini mahali ambapo kila mgeni amekuwa na desturi ya kusalimu na kuuliza, uvumi hukosa udongo wa kuota.

Je, yatupasa kuuliza daima? Hapana, na ni lazima niseme wazi mpaka uko wapi, ili mwovu asiitumie adabu yetu kama ngao. Askari akipindua mkokoteni wa mchuuzi na kukanyaga mboga zake, mwenye kupiga picha hana haja ya kumwomba askari ruhusa. Mwenye dukani akipunja mizani, hana haki ya kudai uso wake ufichwe. Soko likiungua, kama Gikomba lilivyoungua mara nyingi, moto na majivu ni habari ya umma, na watu wapaswa kuona. Kanuni ni hii: kadiri mtu alivyo na nguvu juu ya wengine, na kadiri tendo lake linavyowadhuru, ndivyo haki yake ya kujificha inavyopungua. Na kadiri mtu alivyo mnyonge, ndivyo inavyotupasa kuzidi kumwuliza. Katika moto ule ule wa Gikomba, banda liteketealo naweza kulipiga picha bila ya kungoja. Lakini mama aliyeketi juu ya majivu ya mtaji wake, akilia, huyo simwinulii kamera mpaka nimeketi karibu naye.

Wako watakaosema kwamba mambo haya tuiachie sheria. Sheria ipo, na ni vema vijana waijue. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yalinda faragha ya kila mtu, na tangu mwaka 2019 tunayo sheria ya kulinda habari za watu binafsi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ya ridhaa yake. Hukumu hizo zaonyesha kwamba uso wa mtu si mali ya kuokota. Lakini sheria huja baada ya kosa, tena huja kwa yule ajuaye njia ya kwenda kushtaki. Mama wa mchicha hatakwenda kwa Kamishna. Atakuwa hajui hata kwamba picha yake imetembea. Pale ambapo aliyedhulumiwa hana habari ya kudhulumiwa, mlinzi wake pekee ni dhamiri ya yule mwenye kamera. Zamani uzito wa kamera ulifanya kazi ya dhamiri. Leo kamera imo ndani ya simu, na simu imo mfukoni. Uzito umekwisha, na kazi yote imeiangukia dhamiri.

Lugha yetu, nadhani, imetupa msaada katika jambo hili. Waingereza husema mtu huchukua picha. Sisi twasema hupiga picha, na neno hilo kupiga twalitumia kwa mambo mengi: twapiga pasi, twapiga magoti, twapiga simu. Lakini lipo pigo moja ambalo kila mtoto wa Kiswahili hufundishwa kabla ya mengine, nalo ni kupiga hodi. Mwenye kupiga hodi husimama nje. Hungoja. Husema mara ya pili, na ya tatu. Asipojibiwa hurudi alikotoka, wala hamchukii mwenye nyumba. Hodi haiulizi kama mlango uko wazi. Mlango waweza kuwa wazi kabisa, na vyombo vya ndani vyote vyaonekana, na bado mtu muungwana atasimama kizingitini. Soko halina mlango. Uso wa mtu ndio mlango, na uwazi wake hauondoi wajibu wa hodi.

Basi kijana aendaye sokoni na simu yake na afanye hivi. Asalimu kwanza, kwa heshima impasayo yule anayemkabili. Aseme, Mama, naomba nikupige picha, waniruhusu? Aeleze picha aitakia nini na itakwenda wapi, maana picha ya kumbukumbu si sawa na picha ya kutangazia biashara. Akikubaliwa, amwonyeshe aliyoipiga, na aulize jina ikiwa litatajwa, alitaje sawasawa. Akikataliwa, ashukuru na aende. Asitake kujua sababu. Wako wanaokataa kwa ajili ya dini, wako wanaokataa kwa hofu, wako wanaokataa kwa kuwa nguo ya leo si ile waipendayo, na wako wanaokataa kwa kutopenda tu. Na sababu hiyo ya mwisho yatosha kama ya kwanza. Watoto wasipigwe picha mpaka mzazi wao ameulizwa. Na picha ya mtu katika hali ya kudhalilika, hata kama imekwisha kupigwa, isitumwe kwa rafiki kwa kucheka.

Najua kwamba afuataye njia hii atapoteza picha nyingine. Utafika wakati mwanga umeangukia uso wa mzee wa ndizi kwa namna ambayo haitarudi tena, naye atasema hapana. Au wakati wa kuuliza utapita, na kile ulichokiona kitakuwa kimekwisha. Sitawadanganya vijana kwamba wema hulipwa daima kwa picha nzuri zaidi. Hasara hiyo ni ya kweli, na mwenye kuipenda kazi ya picha ataisikia. Lakini mzigo wa hasara lazima ubebwe na mmoja wa hao wawili: ama mwenye kamera akose picha, ama mwenye uso akose kuulizwa. Wa kwanza amekosa kitu alichokitamani. Wa pili amenyang'anywa kitu kilichokuwa chake. Sioni ugumu wa kuchagua.

Wengi katika ninyi mnaosoma maneno haya mmelipiwa karo kwa fedha zilizohesabiwa sokoni, sarafu kwa sarafu, na mikono inayonuka vitunguu. Mnaujua uso ule jioni unaporudi nyumbani, kabla haujaoshwa vumbi. Kila uso mwingine sokoni una mtoto wake anayeujua hivyo. Mwenye kulikumbuka hilo hahitaji kanuni ndefu. Mkono wake wenyewe utasita juu ya kamera, na mdomo wake utatangulia kusema hodi.